Tarjumani wa Gando

Bakar Duni alikuwa na sauti iliyoupita mwili wake. Yeye mwenyewe alikuwa mfupi, mwembamba, kanzu za dukani zote sharti zikatwe pindo kabla hajazivaa, lakini akisimama uwanjani na kusema, hata aliyekaa nyuma ya ukuta wa msikiti alimsikia. Sauti hiyo ndiyo iliyompatia kazi. Mwaka wa 1936 bwana mmoja wa Kiingereza alikwenda Gando kuzungumza na watu juu ya maradhi ya minazi, na karani wake siku hiyo alikuwa amepigwa na mafua hata hawezi kutamka. Bakar alikuwa amesoma skuli ya serikali huko Wete na Kiingereza kilikuwa kimemkaa. Akaombwa amshikie bwana maneno kwa siku moja. Akayashika miaka ishirini na saba.

Kazi ya tarjumani si ya kutokwa na jasho. Bwana DC, mkuu wa Kiingereza wa kisiwa, husema maneno mawili matatu akanyamaza, Bakar akayageuza. Mwanakijiji naye husema yake, Bakar akayarudisha. Miaka ya mwanzo maneno yenyewe yalikuwa mepesi: mbwa wenye kichaa, njia zilizoota majani, karafuu zisianikwe barabarani. Watu wa Gando walipomwona mtoto wao amesimama bega kwa bega na wakubwa, walifurahi. Mkewe, Mwanamize, alikuwa wa Gando vilevile. Walihamia Wete, katika nyumba ya udongo nyuma ya soko, wakajaaliwa mtoto mmoja wa kike, Kazija, ambaye alipokua aliolewa Micheweni.

Kisha zikaja siasa. Mwaka wa 1957 watu walipiga kura kwa mara ya kwanza, na baada ya hapo Pemba haikupumua. Vilikuwa vyama, na kila mtu alikuwa na chake. Waliokuwa wakisali safu moja walijenga misikiti miwili. Mtu alimaliza maili tatu kwenda kununua chumvi, na duka liko mlangoni kwake, kwa kuwa mwenye duka si wa upande wake. Wake waliachwa kwa sababu ya kaka zao. Mtu akifa, upande wa pili haukwenda kuzika, na hilo ndilo lililowaumiza wazee kuliko yote.

Katikati ya hayo akaletwa DC mpya, Bwana Penrose. Alikuwa mrefu, ameinama kidogo, na nywele zimemtoka katikati. Alikuwa amekaa Filastini ujana wake, akaona ghasia za huko, na nadhani aliahidiwa Pemba kama mahali pa kupumzikia. Kiswahili alikuwa amekisoma kitabuni na kukifanyia mtihani akapasi, lakini siku ya kwanza aliposimama mbele ya watu wa Wambaa na kusikia Kipemba chao, alimgeukia Bakar na kumwuliza kwa Kiingereza, "Hii ni lugha gani?"

"Ni hiyohiyo uliyoisoma, bwana," Bakar akamjibu. "Ila hawa ndio wenyewe."

Tangu siku hiyo Penrose hakwenda popote bila yeye.

Jambo la kisima lilitokea Gando mwaka wa 1959. Kilikuwa kisima cha zamani, maji yake matamu, kimo ndani ya shamba la Marhoun bin Hamood, mtu wa ukoo wa Kimanga, wa asili ya Omani, ambao zamani ulikuwa na mikarafuu isiyohesabika. Kila mtu aliteka hapo tangu enzi za mababu, na hakuna aliyewahi kuomba ruhusa. Siku moja bendera ya chama cha Marhoun ilikutwa imechanwa mlangoni pa shamba. Marhoun akakataza watu wa upande wa pili wasiteke. Nao, kumjibu, wakaifunga njia ipitayo makondeni kwao, kwa hivyo wachumaji wa Marhoun hawakuweza kufika mikarafuuni. Aliyesimamia kuifunga njia hiyo alikuwa Masika Jecha, mkulima, mtu wa maneno machache na mabega mapana, aliyekuwa amesoma chuo kimoja cha Kurani na Bakar utotoni. Wiki ya pili wanawake walipigana kisimani kwa ndoo, mmoja akapasuka kichwa.

Penrose alikwenda na askari wanane. Watu walikaa uwanjani mafungu mawili, katikati wameacha nafasi ya kupita gari. Alisikiliza saa tatu. Upande huu ulisema, upande ule ukasema, na Bakar akageuza, akageuza, mpaka koo likamkauka. Jua lilipokuwa utosini, Penrose alisimama akafuta shingo kwa kitambaa. Akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayejisemea mwenyewe, "Kama hamwezi kuteka pamoja, basi hamtateka kabisa. Nitakifunga."

Bakar alisita. Penrose akamtazama. Bakar akavuta pumzi na kuyasema maneno yale kwa ile sauti yake, na yakatoka makubwa, mazito, yakafika mpaka jikoni kwa watu.

Hapo ndipo balaa lake lilipoanza. Maneno ya Penrose hakuna aliyeyasikia. Walichokisikia ni sauti ya Bakar mwana wa Duni, mtoto wa Gando, ikiwaambia kwa Kipemba kilichonyooka kwamba hawatateka maji ya babu zao. Kesho yake mafundi wa serikali walipigilia mbao juu ya kisima, na wanawake wakaanza kwenda chemchemi ya mbali, saa nzima kwenda na saa nzima kurudi. Kila ndoo waliyoitua njiani kupumzika, walimtaja yeye. Wakambandika jina: Kinywa cha Serikali.

Hakuna lililowaunganisha watu wa Gando mwaka ule isipokuwa jina hilo. Pande zote mbili zilikubaliana nalo.

Miezi miwili baadaye Masika alikwenda na tindo mchana kweupe akang'oa mbao mbili. Hakukimbia. Alikutwa amekaa juu ya ukingo wa kisima. Akapelekwa Wete, na kwa kuwa DC ndiye aliyekuwa hakimu wa mambo kama hayo, akasimamishwa mbele ya meza ya Penrose, na Bakar katikati yao.

"Mwulize kwa nini amevunja amri," Penrose akasema.

Bakar akauliza. Masika hakumtazama Mzungu hata kidogo. Alimtazama Bakar.

"Weye hujawahi kunywa maji ya kisima kile?"

"Sikuulizwa miye, Masika. Umeulizwa weye."

"Nami nakuuliza. Hujayanywa?"

"Nimeyanywa."

"Basi mwambie na hilo."

Karani aliacha kuandika. Bakar angeweza kuliruka; Penrose asingejua. Lakini katika miaka yake yote hakuwahi kuliruka neno la mtu, na hilo ndilo jambo pekee alilokuwa akijivunia. Akasema kwa Kiingereza, "Anataka nikwambie, bwana, kwamba hata mimi nimekunywa maji ya kisima kile."

Penrose akainua uso. "Ni kweli?"

"Ni kweli, bwana. Nimelelewa nayo."

Penrose alisugua macho kwa vidole viwili. Kisha akasema, "Miezi mitatu," na Bakar akageuka kumwambia mwenzake wa chuoni kwamba amefungwa miezi mitatu.

Jioni hiyo Bakar alirudi nyumbani, akala kidogo. Mwanamize hakumwuliza kitu. Alikuwa mwanamke wa namna hiyo, hamlazimishi mtu kusema. Alimwekea maji ya kuoga, akamwambia tu kwamba Alhamisi atakwenda Gando kumtazama mama yake, naye Bakar akaitikia kwa kichwa. Kila Alhamisi alikwenda, akipanda gari ya abiria asubuhi na kurudi alasiri, na kikapu kichwani.

Miaka ikaenda hivyo, mizito. Mwaka wa 1961 ulikuwa na chaguzi mbili. Ya kwanza haikumpa mtu ushindi wa kutosha, na ya pili, mwezi wa Juni, ilimwaga damu Unguja. Pemba waliletwa askari wa kigeni wenye kofia za chuma, hali ya hatari ikatangazwa, na mikutano ikawa haifanywi bila kibali. Penrose na Bakar walizunguka kisiwa kizima ndani ya Land Rover, kutoka Micheweni mpaka Wambaa, wakisema maneno yaleyale: tulieni, msichomeane, mwenye malalamiko aje ofisini. Bakar aliyajua hata kabla ya bwana kufungua mdomo. Siku nyingine Penrose alichoka akakatiza katikati, na Bakar akayamalizia mwenyewe, naye Mzungu akatikisa kichwa kuonyesha kwamba ndiyo, ndivyo alivyotaka kusema.

Siku moja gari ilipozama kwenye matope karibu na Konde, na askari wakawa wanasukuma, walikaa wawili juu ya gogo. Penrose alikuwa amekonda. Mkewe alikuwa amerudi Uingereza tangu mwaka uliopita kwa sababu ya watoto, au ndivyo alivyosema.

"Bakar," akamwita. "Wanasemaje juu yangu?"

Bakar alifikiri kwanza. "Hawakusemi wewe, bwana. Wananisema mimi."

Penrose akacheka kidogo, cheko la mtu asiye na nguvu. Kisha akaona kwamba mwenzake hacheki, akaacha.

Mwezi wa Agosti mwaka ule Mwanamize alishikwa na homa. Siku ya tatu akapelekwa spitali ya Wete, siku ya tano Kazija akaitwa kutoka Micheweni, na siku ya sita, kabla ya jua kupanda, akafariki. Alikuwa amewahi kusema, wakati bado mzima, kwamba akifa azikwe Gando ubavuni mwa bibi yake. Bakar hakuona njia ya kulivunja neno hilo. Penrose alitoa gari. Maiti ikafikishwa Gando saa mbili asubuhi, ikawekwa katika nyumba ya mama mtu, kizee kisichoona tena.

Kwa kawaida maiti ikifika kijijini, watu hutoka wenyewe. Huyu huleta jamvi, huyu huchukua jembe kwenda mavani, wanawake huinjika maji. Asubuhi hiyo hakutoka mtu. Watu wa upande wa Marhoun walisema Bakar ni wa upande wa Masika, kwani si alisoma naye chuoni? Watu wa upande wa Masika walisema yeye ndiye aliyemfunga mwenzao. Milango ilikuwa imerudishwa. Kazija alisimama ukumbini akitazama njia, machozi yamemkauka usoni.

"Baba, hawaji."

"Watakuja," Bakar akasema, na yeye mwenyewe hakuamini.

Ilipofika saa nne, sajini wa polisi alikuja kwa baskeli. Alikuwa ametumwa na Penrose, ambaye habari zilikuwa zimemfikia. Alisema bwana anatoa askari kumi na wawili, Waislamu watupu, waje kuchimba na kuchukua jeneza.

Bakar alikuwa amekaa kizingitini.

"Mwambie ahsante sana," akasema. "Lakini mke wangu hachukuliwi na polisi. Hakufanya kosa lolote."

Sajini akapanda baskeli yake akaondoka.

Wa kwanza kuja alikuwa Bi Zuweina, dada yake Marhoun, mjane wa makamo ambaye kazi ya kuosha maiti wa kike pale Gando aliirithi kwa mama yake. Alikuja na fumba la mkeka kwapani, ndani yake sanda, kafuri na pamba. Njiani kaka yake alikuwa amemsimamisha na kumwuliza anakwenda wapi. Alimjibu kwamba maiti hana chama, akampita. Alipofika kwa Bakar alimpa mkono, akasema, "Mola akupe subira, Bwana Bakar," akaingia ndani, na baada ya muda sauti yake ikasikika ikimwamuru Kazija alete maji.

Wa pili alikuwa Masika.

Alikuja na jembe begani, na nyuma yake ndugu zake wawili. Bakar alipomwona alisimama. Hawakuwa wamesemezana tangu siku ile mbele ya meza ya Penrose, na Masika alikuwa ametoka jela na nywele zimeingia mvi.

"Sijakujia weye," Masika akasema. "Nimemjia Mwanamize."

"Karibu," Bakar akasema.

"Hujui?"

"Sijui nini?"

Masika alitua jembe chini. "Miezi mitatu niliyofungwa, kila Alhamisi alikuja nyumbani kwangu. Mke wangu alikuwa mja mzito, hawezi kwenda kule chemchemini. Mwanamize alikwenda akamtekea, madebe mawili, akampikia, ndiyo akarudi Wete. Hakukwambia?"

"Hakunambia."

"Basi ndivyo." Masika akaliinua tena jembe lake. "Nionyesheni alipotaka kulala."

Bakar hakulia msibani mpaka wakati ule. Aliingia nyuma ya nyumba, akaegemea mgomba, akalia kama mtu anayekohoa. Hakujua alichokuwa akikililia zaidi, kifo au yale madebe mawili ambayo mkewe aliyabeba kila wiki saa nzima ya njia, kwa sababu ya maneno yaliyotoka kinywani mwake, kisha akarudi nyumbani akamwekea maji ya kuoga bila ya kusema neno.

Waliomchukua Mwanamize walikuwa wanane: Bakar, Masika na ndugu zake, na wanne waliotoka majumbani walipomwona Masika akichimba. Mavani palikuwa mbali na njia ina kilima, na wanane hawatoshi kupokezana vizuri, kwa hivyo walitua mara mbili. Mara ya pili walipotua, Penrose alikuwa amesimama kando ya njia peke yake, gari ameiacha chini. Alikuwa amevua kofia, kama wanavyofanya kwao, na jua lilikuwa likimchoma kichwani. Hakujua kama inafaa kukaribia au inafaa kukaa mbali. Bakar akamwendea.

"Niseme nini?" Penrose akamwuliza kwa Kiingereza. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Sema pole, bwana. Inatosha."

"Pole, Bwana Bakar," akasema kwa Kiswahili. Hakukuwa na haja ya kumgeuzia mtu neno hilo. Wale wanane wakainua jeneza, Mzungu akabaki pale.

Baada ya arubaini Bakar alirudi kazini na kuomba mambo mawili: kisima kifunguliwe, na yeye apumzishwe. Penrose alisema la kwanza haliwezekani mpaka pande mbili zikubali, kwani amri za hali ya hatari ni hizo, na la pili anamwomba angoje. "Nikikupoteza wewe nitabaki nasema na kuta," akasema. Bakar alikuwa amechoka hata kubishana. Akabaki.

Lakini baraza iliyofuata ya Gando, mwanzoni mwa 1962, Penrose alipomaliza maneno yake ya kawaida na kunyamaza, Bakar hakuyageuza. Alimwambia kwa adabu, "Bwana, leo nina maneno yangu mwenyewe." Akapiga hatua tatu kutoka ubavuni mwake, akasimama katika ile nafasi ya katikati ya mafungu mawili. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilitoka ndogo.

"Wazee wangu, miaka yote hii mmesikia nnasema. Hamjapata kunsikia miye. Kisima kile kilifungwa kwa sababu siye hatukuweza kuteka pamoja, na aliyekwambieni ni miye, na walioteseka ni wake zetu. Wangu kesha kufa. Nnakwenda kung'oa zile mbao sasa hivi. Anayetaka kunikamata na anikamate."

Askari mmoja alisogea. Penrose, ambaye Kiswahili hiki kilichosemwa polepole alikifahamu chote, alimwashiria abaki palepale. Kisha akatoa kiko chake, akageuka upande wa pili, akawa anatafuta kiberiti mifukoni kwa muda mrefu kuliko kiberiti chochote kinavyotafutwa.

Bakar alikuwa na umri wa miaka hamsini na kitu na mikono yake ilikuwa ya mtu wa ofisini. Ubao wa kwanza ulimchana kiganja. Watu walimfuata wakasimama mbali, wakitazama. Marhoun mwenyewe alikuja akasimama mlangoni pa shamba lake, mikono nyuma, wala hakusema neno la kukataza wala la kuruhusu. Ubao wa tatu ulipokataa, Masika akaja na tindo lake.

Maji yalikuwa yameharibika. Kulikuwa na majani yaliyooza, vyura, na harufu ya kutapisha. Kukisafisha kulichukua siku tatu, na pande zote mbili zilifanya kazi, lakini si pamoja. Watu wa Masika walichota takataka asubuhi, wakaondoka. Watu wa Marhoun wakaja alasiri. Hawakusalimiana. Bakar alikaa pale siku zote tatu akiwapokea hawa na kuwaaga wale, na kuwaambia waliofuata wenzao wameishia wapi. Hata hapo alikuwa tarjumani.

Penrose aliondoka Pemba katikati ya 1963, baada ya uchaguzi wa mwisho. Hakukuwa na ngoma. Alimpa Bakar mkono bandarini, na Bakar akamwombea safari njema. Barua mbili zilikuja, kisha hazikuja tena. Bakar naye alifunga kazi mwezi uleule na kuhamia Gando, kwenye nyumba ya mkwewe, akalima muhogo na kumwangalia kizee mpaka kikafa. Wengine waliendelea kumwita Kinywa cha Serikali, na wengine hawakumjibu salamu yake mpaka siku zao za mwisho. Yeye aliwasalimu tu.

Masika alipenda kupita kwake baada ya sala ya alasiri. Siku moja, mwisho wa mwaka ule, bendera ya Kiingereza imekwisha kushushwa, alimwuliza jambo ambalo Gando nzima ilikuwa ikitaka kulijua tangu siasa zianze.

"Nambia kweli, Bakar. Chaguzi zote zile, kura yako ulimpa nani?"

Bakar alikuwa akimenya muhogo. Aliendelea kumenya.

"Niliyasema ya watu wote miaka ishirini na saba, yakhe," akasema. "Hilo moja niachie mwenyewe."

Akampa kipande cha muhogo, wakala.